Jasho la Nani? Akili Mnemba na Kazi ya Kujifunza

Mwalimu anapowapa wanafunzi wake insha ya kurasa mbili waiandikie nyumbani, hana haja na insha yenyewe. Hana pa kuichapisha, na akishaisahihisha itafungwa ndani ya daftari na kusahaulika. Alichokuwa akikitafuta ni kile kilichotokea kichwani mwa mwanafunzi alipokuwa akiihangaikia sentensi ya kwanza, akaiandika, akaikata, akagundua kwamba hoja aliyodhani anayo hana, akarudi kitabuni. Kwa kuwa mahangaiko hayo hayaonekani kwa macho, shule ilijizoeza kuyasoma kupitia kinachobaki mezani: insha iliyokamilika, hesabu iliyokokotolewa, ripoti iliyopangwa vizuri. Pafukapo moshi pana moto, walisema wahenga, na utaratibu mzima wa kazi za nyumbani, alama na vyeti ulijengwa juu ya imani hiyo. Tarehe 30 Novemba 2022, kampuni ya OpenAI ilipoifungua kwa umma ChatGPT, programu ya kompyuta inayoandika insha au jibu lolote inaloombwa, moshi ukaanza kupatikana bila moto.

Akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia au akili unde, imezua mabishano makali katika elimu kwa sababu mambo matatu yamefungwa furushi moja. Kuna kazi ya kufundisha, yaani maandalizi, maelezo na usahihishaji anaoufanya mwalimu. Kuna kazi ya kujifunza, ambayo hakuna anayeweza kuifanya kwa niaba ya mwenzake, kama ambavyo hakuna anayeweza kumlalia mwingine usingizi. Kisha kuna kazi ya kupima, yaani kujua kama hiyo ya pili imefanyika. Anayeisifu teknolojia hii mara nyingi anaitazama kazi ya kwanza. Anayeilaani anaitazama ya tatu. Na kwa kiasi kikubwa wote wawili wanasema kweli, ila hawazungumzii kitu kimoja. Kazi ya pili ndiyo ngumu zaidi kuieleza, na ndiyo iliyotoa ushahidi wa kushangaza zaidi.

Tuanze na mashine yenyewe, kwa kuwa tabia zake zote darasani zinatokana na namna ilivyoundwa. Programu kama ChatGPT huendeshwa na kitu kinachoitwa modeli ya lugha: mfumo wa hesabu uliopitishwa kwenye maandishi mengi mno hadi ukaweza kukadiria ni kipande gani cha neno kinachoelekea kufuata baada ya vipande vilivyotangulia. Baada ya hapo hunolewa zaidi, kwa msaada wa watu wanaoyapima majibu yake, ili ujibu kwa adabu na kwa mpangilio unaopendeza. Ndani yake hamna rafu ya vitabu inayochunguliwa kila swali linapoulizwa, ingawa siku hizi baadhi ya programu huunganishwa na intaneti ili zitafute. Ndiyo maana mashine inaweza kutaja kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, ikakipa mwandishi, mwaka na mji wa uchapishaji, kwa utulivu ule ule inaoutumia kusema kwamba pembe za ndani za pembetatu zinajumlika kuwa nyuzi 180. Mtaalamu akikutana na kosa la namna hiyo hushtuka. Mwanafunzi hashtuki, na kutoshtuka huko ndiko hasa kunakomfanya awe mwanafunzi bado.

Anayejifunza kwa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kuwa mwangalifu. Katika maandishi yaliyotumika kuifunza GPT-3, modeli ya mwaka 2020, takribani asilimia 93 ya maneno yalikuwa ya Kiingereza, na lugha nyingine zote za dunia ziligawana masalio. Modeli zilizofuata zimekuwa bora sana, lakini neno kama "hawajatuambia", linalobeba ukanushi, mtenda, wakati, mtendewa na tendo lenyewe katika pumzi moja, ndani ya mashine hukatwa kwa kufuata vipande vya herufi vinavyojirudia mara nyingi katika maandishi iliyopewa, bila kujali viungo vya sarufi. Anayezitumia programu hizi kila siku ameyaona matokeo yake: upatanisho wa ngeli unakwenda sawa aya tatu nzima, kisha ya nne inateleza.

Ndoto ya mashine inayofundisha ni kongwe kuliko kompyuta zilizomo majumbani. Katika miaka ya 1920, mwanasaikolojia wa Marekani Sidney Pressey alitengeneza kifaa kilichouliza maswali ya kuchagua na kumwonyesha mwanafunzi papo hapo kama amepata au amekosa. Mwanasaikolojia mwenzake, B. F. Skinner, akaja na kifaa chake katika miaka ya 1950. Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois kikaanzisha PLATO, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta. Na baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wakaunda programu zilizomfuata mwanafunzi hatua kwa hatua katika aljebra. Kilichowasukuma wengi waliokuja baadaye ni makala ya mwaka 1984 ya Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani. Bloom aliripoti kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake na mwalimu wake aliwapita takribani asilimia 98 ya wanafunzi waliofundishwa katika darasa la kawaida. Tafiti zilizofuata ziliona faida ndogo kuliko hiyo, lakini changamoto aliyoitoa ilibaki: kwa kuwa haiwezekani kumpa kila mtoto mwalimu wake, ni njia gani nyingine inaweza kukaribia matokeo hayo?

Mashine za zamani zilikwama kwa sababu moja iliyo wazi. Kila jibu lao, kila kidokezo na kila onyo lilipaswa kuandikwa mapema na binadamu aliyekisia makosa ambayo wanafunzi wangeyafanya, na mwanafunzi aliyekosea kwa njia ambayo haikukisiwa aliachwa njiani. Modeli za lugha zimeondoa ukuta huo. Mwanafunzi anaweza kuuliza swali lililochanganyika, lenye makosa ya tahajia, kwa maneno yake mwenyewe, akajibiwa. Asipoelewa anaweza kusema hakuelewa, akaelezwa upya kwa mfano mwingine, hata mara ya kumi, na mashine haitakunja uso. Jambo hili la mwisho si dogo. Wapo wanafunzi wengi ambao tatizo lao kubwa darasani ni aibu ya kuinua mkono.

Lakini kuweza kujibu na kuweza kufundisha ni mambo mawili, na tofauti yake inaonekana vizuri zaidi tukisogea karibu. Chukua mlinganyo huu: 3(x − 4) = 2x + 5. Mwanafunzi anafungua mabano na kuandika 3x − 4 = 2x + 5, kwa kuwa ameizidisha x kwa 3 akaisahau ile 4, kisha anapata x = 9. Programu iliyozoea kujibu itamwambia kwamba jibu ni 17, na itampangia hatua zote kwa unadhifu: 3x − 12 = 2x + 5, kwa hiyo x = 17. Anasoma, anatikisa kichwa, ananakili, anaendelea. Hakuna hatua hata moja iliyomlazimisha kuliona kosa lake mwenyewe, na swali linalofuata lenye mabano atalikosa vile vile.

Mwalimu mzuri angefanya jambo jingine. Angemwambia: weka 9 mahali pa x, upande wa kushoto na upande wa kulia, uniambie unapata nini. Mwanafunzi anakokotoa: kushoto ni 15, kulia ni 23. Hapo anajua, bila kuambiwa, kwamba kuna kitu kimeharibika, na anaanza kurudi nyuma mstari kwa mstari hadi afike kwenye mabano. Dakika tatu zimepotea, angesema mtu mwenye haraka. Dakika hizo tatu ndizo somo lenyewe. Modeli ya lugha inaweza kuagizwa ifanye hivyo hivyo, yaani izuie jibu, itoe kidokezo kimoja kimoja, imwachie mwanafunzi mwendo. Isipoagizwa, mazoea yake ni kumfurahisha anayeuliza, na anayeuliza saa nne za usiku akiwa na kazi ya kukabidhi asubuhi hufurahishwa na jibu.

Tofauti hiyo imepimwa. Watafiti waliwachukua karibu wanafunzi elfu moja wa sekondari nchini Uturuki katika somo la hisabati, wakawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi kwa vitabu na madaftari kama kawaida. La pili lilipewa programu iliyofanana na ChatGPT ya kawaida. La tatu lilipewa programu hiyo hiyo, ila ikiwa imeagizwa kutoa vidokezo vilivyoandaliwa kwa msaada wa walimu badala ya kutoa majibu. Wakati wa mazoezi, kundi la pili lilifanya vizuri kuliko la kwanza kwa asilimia 48, na la tatu kwa asilimia 127. Kisha programu zikaondolewa na mtihani ukaletwa. Wanafunzi wa kundi la pili walipata alama za chini kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kupewa mashine yoyote, ilhali katika kundi la tatu madhara hayo kwa sehemu kubwa hayakuonekana. Kinachonisumbua zaidi katika utafiti huu ni jambo la pembeni: wanafunzi wa kundi la pili hawakujua kwamba wamejifunza kidogo.

Kwa nini hawakujua? Saikolojia ya kumbukumbu ilikuwa na jibu hata kabla ya teknolojia hii. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo baadhi ya wanafunzi walilisoma andiko mara nne, na wengine wakalisoma mara moja kisha wakajaribu mara tatu kulikumbuka bila kulitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya juma moja, walikuwa wanakumbuka takribani asilimia 40 ya yaliyomo, na wenzao asilimia 61. Hata hivyo, walipoulizwa, hao waliosoma mara nne ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Ulaini wa kusoma huonekana kwa msomaji kama ujuzi. Nami, niliyekwisha kupita umri wa kukaa kwenye chumba cha mtihani, huikuta hali hii kila ninapoomba muhtasari wa andiko refu: nausoma, naridhika, na kesho yake nikitakiwa kumweleza mtu mwingine naambulia sentensi mbili. Akili mnemba hutengeneza ulaini huo kwa wingi kuliko chombo chochote kilichowahi kuingia darasani, na kwa sababu hiyo hatari yake kubwa haifanani na uvivu. Mwanafunzi mwenye bidii kabisa anaweza kukaa nayo saa tatu, akatoka ameridhika na mtupu.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito. Katika somo la fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, wanafunzi 194 walilinganishwa wakati wanajifunza kwa mkufunzi wa akili mnemba na wakati wanahudhuria darasa lililoendeshwa kwa njia shirikishi. Kwa mkufunzi wa mashine walijifunza zaidi, tena kwa muda mfupi. Mwaka 2024, katika jimbo la Edo nchini Nigeria, mradi ulioungwa mkono na Benki ya Dunia uliwapa wanafunzi wa sekondari vipindi vya Kiingereza baada ya masomo kwa muda wa majuma sita, wakitumia programu ya akili mnemba, na matokeo yao yakapanda kuliko ya wenzao ambao hawakuhudhuria. Habari kama hizi husambazwa zikiwa zimenyolewa sehemu muhimu. Harvard, wahadhiri waliiandikia mashine maelekezo ya namna ya kufundisha na kuipa suluhisho la kila swali hatua kwa hatua ili isibuni. Edo, walimu walikuwa chumbani wakiwaongoza wanafunzi. Mashine iliyofaulu ni ile iliyofungwa breki na mtu anayejua kufundisha, na breki hizo hazimo katika programu ya kawaida anayoikuta mwanafunzi kwenye simu yake.

Kuhusu kazi ya mwalimu mwenyewe maneno yanaweza kuwa machache, kwa kuwa faida ziko wazi. Andalio la somo, maswali ishirini ya zoezi katika viwango vitatu vya ugumu, kifungu cha habari kilichoandikwa upya kwa mwanafunzi anayesoma polepole, barua kwa wazazi: kazi hizi zilizokuwa zikila jioni nzima sasa humalizika kwa robo saa, pamoja na muda wa kukagua. Ukaguzi huo ni lazima, maana zoezi lenye jibu lisilo sahihi hupotosha darasa zima kwa mkupuo mmoja.

Ninaposita ni kwenye usahihishaji. Mwalimu anaposahihisha madaftari arobaini, kufikia la kumi na tano anakuwa ameshajua kwamba darasa zima limechanganya maana ya neno fulani, na kwamba mwanafunzi wa nyuma ambaye haongei ana mawazo kuliko wote. Ujuzi huo hauandikwi kwenye jedwali la alama. Akimwachia mashine kazi yote atapata alama kwa haraka, na atapoteza namna yake kuu ya kuwajua anaowafundisha. Mashine kutoa maoni kuhusu rasimu kabla ya mwalimu kuisoma ni jambo jingine, na lina manufaa, kwa sababu mwanafunzi hupata nafasi ya kurekebisha mara mbili au tatu badala ya kungoja wiki mbili.

Alama zenyewe zikishaanza kuamua hatima ya mtu, uzito unaongezeka. Mwaka 2020, mitihani ilipofutwa nchini Uingereza kwa sababu ya janga la korona, mamlaka ya mitihani ya England ilitumia kanuni ya hesabu kurekebisha alama zilizokadiriwa na walimu. Haikuwa akili mnemba kwa maana ya leo, bali takwimu za kawaida. Hata hivyo karibu asilimia 40 ya alama zilishushwa, wanafunzi wakaandamana, na tarehe 17 Agosti utaratibu huo ukaachwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba, iliyopitishwa mwaka 2024, imeiweka mifumo inayoamua nani apokelewe chuoni au inayopima matokeo ya masomo katika kundi la hatari kubwa, na imepiga marufuku, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, mifumo inayodai kusoma hisia za wanafunzi kwenye nyuso zao. UNESCO nayo, katika mwongozo wake wa Septemba 2023, ilipendekeza umri wa chini wa miaka 13 kwa matumizi ya zana hizi darasani na kusisitiza ulinzi wa taarifa za watoto, suala ambalo husahaulika kwa urahisi pale mwalimu anapobandika insha yenye jina la mwanafunzi kwenye programu ya bure.

Inabaki kazi ya tatu, ya kupima, ambako hofu ilianzia. Shule za umma za jiji la New York ziliifungia ChatGPT mwezi Januari 2023, na kufikia Mei zikawa zimeondoa marufuku hiyo. Kuzuia kulishindikana kwa sababu mwanafunzi ana simu nyumbani. Zikaja programu za kugundua maandishi ya mashine, na hapa ndipo dhuluma ilipoingia. OpenAI wenyewe walitoa kigunduzi chao Januari 2023 wakikiri kwamba kiliyatambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kwamba kiliyasingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Mwezi Julai mwaka huo huo wakakiondoa kwa sababu hakikuwa sahihi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vigunduzi saba kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani asilimia 61 ya insha hizo, zote zimeandikwa na binadamu, zilihesabiwa kuwa za mashine.

Sababu haina fumbo. Vingi vya vigunduzi hivyo hupima jinsi maneno yanavyotabirika, na anayeandika kwa lugha aliyojifunza ukubwani hutumia maneno ya kawaida katika miundo ya kawaida, yaani yanayotabirika. Mwenye msamiati mwembamba anaonekana mwizi. Mwizi halisi anaiomba mashine iandike kwa namna isiyotabirika, na anapita. Mwalimu anayempa mwanafunzi sifuri kwa kutegemea asilimia iliyotolewa na kigunduzi amekabidhi hukumu kwa kifaa ambacho hakiwezi kuonyesha ushahidi wake, na mtuhumiwa hana namna ya kujitetea zaidi ya kuapa.

Njia zinazofanya kazi ni za zamani, na zote zinadai muda. Insha huandikwa darasani kwa kalamu. Rasimu hukabidhiwa pamoja na insha iliyokamilika ili mwalimu aone mawazo yalivyohama kutoka toleo moja hadi jingine. Mwanafunzi huitwa mezani na kuulizwa: kwa nini ulianza na mfano huu, na neno hili la aya ya tatu ulikusudia nini? Aliyetoka jasho hujibu, hata kama anajikwaa. Aliyenakili husoma sentensi yake kama barua ya mtu mwingine. Hapo hata matumizi ya mashine hayahitaji kufichwa, kwa maana mwanafunzi anaweza kusema aliiuliza nini, ilimjibu nini, na wapi aliikatalia.

Darasa la wanafunzi 60, kila mmoja akipewa dakika 10 za mahojiano, linahitaji dakika 600, yaani saa 10 kamili kwa zoezi moja. Saa hizo hazimo kwenye ratiba ya mwalimu wa kawaida. Zimo, hata hivyo, katika zile jioni ambazo mashine imemrudishia kwa kumwandalia maswali na maandalio ya masomo, mradi tu mpanga ratiba asiziwahi kwa kumwongezea darasa jingine.